Kuzima, Kulala na Kufumba: Uhakiki wa Maneno ya Skrini ya Kompyuta

Utangulizi

Tumezoea, katika kurasa za namna hii, kuhakiki orodha ndefu za istilahi: za sheria, za benki, za kilimo, za tiba. Makala haya yana madhumuni madogo zaidi. Yanahakiki karatasi moja tu ya maelekezo ya kutumia kompyuta, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani katika ofisi moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambamo mwandishi wa makala haya hufanya kazi ya kufasiri. Ofisi hatutaitaja, wala mfasiri hatutamtaja, maana kosa tutakalolieleza si la mtu mmoja. Ni letu sote tunaoshika kalamu na kudhani kwamba neno likishapatikana kazi imekwisha.

Sentensi tunazozihakiki ni tatu. Ya kwanza yasema: "Kompyuta ikizima, iwashe upya kwa kitufe cha kuwashia." Ya pili yasema: "Kuzima kwa haraka, tumia kitufe cha mkato." Ya tatu yasema: "Kioo kikifa, peleka kwa fundi." Kila moja ni Kiswahili sahihi. Hakuna mwalimu ambaye angeziwekea alama ya kosa katika daftari la mwanafunzi. Hata hivyo sentensi hizi tatu, kwa usahihi wao wote, ziliteketeza kazi ya siku nzima, na nusura zitutoe fedha kununua kifaa tusichokihitaji. Yafaa basi tujiulize ni usahihi wa namna gani huo.

Tukio lenyewe

Mchana mmoja karani mwenzetu, mama wa makamo aliyeanza kazi enzi za mashine ya taipu, alikuwa akipiga chapa tafsiri ya ripoti iliyotakiwa jioni ile ile. Alikuwa amefika ukurasa wa 14, naye hakuwa amehifadhi kitu tangu asubuhi. Mara skrini ikawa nyeusi. Hapakuwa na mlio wala moshi, na umeme ulikuwapo. Mama akainua macho ukutani, akasoma sentensi ya kwanza, akafanya kama alivyoagizwa. Alibonyeza kitufe cha kuwashia, hakuona kitu. Akakibonyeza tena, akakishikilia kwa sekunde kadhaa, mpaka feni ya ndani ikanyamaza. Alipoiwasha upya, kompyuta ilifunguka vizuri kabisa, lakini kurasa 14 hazikuwamo.

Kesho yake skrini ikawa nyeusi tena. Tukakata shauri kuipeleka Kariakoo, tukampata kijana mmoja fundi mwenye meza yake karibu na Mtaa wa Aggrey. Akatuamkia, "Shikamoo mama, shikamoo mzee." Tukaitikia. Alipouliza tatizo ni nini, tulijibu kwa maneno ya karatasi yetu: kioo kimekufa. Kijana hakufungua hata kifuniko. Alitaja bei ya kioo kipya, akanyoosha mkono kwenye rafu.

Lakini kabla hajakitoa alituuliza kama kompyuta hulia feni kioo kinapokuwa cheusi. Mama akasema hakumbuki. Basi fundi akaiwasha, ikawaka bila taabu. Akamwambia mama, "Hebu chapa kama unavyochapa ofisini." Mama akachapa, akafika mahali pa kuandika tarakimu, akapeleka kidole safu ya juu, na skrini ikawa nyeusi. Fundi akaweka sikio kwenye kibodi. Akabonyeza kitufe cha herufi kubwa, na kitaa chake kidogo kikawaka. Akacheka kwa adabu, akasema, "Mama, hii haijafa wala haijazima. Imefumba macho tu." Akabonyeza kitufe kimoja chenye picha ndogo ya skrini, na barua ya mama ikarudi kama ilivyokuwa, hata mshale ulikuwa pale pale alipouacha.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kitufe kiandikwacho Fn kilikuwa kimefungwa katika hali ya kushikiliwa, hivyo kila kidole kilichopotea kutoka safu ya tarakimu kiligusa kitufe cha kuondoa mwanga wa skrini. Na kompyuta ile hairudishi mwanga mpaka kitufe kile kile kibonyezwe tena. Fundi akaifungua Fn, akakataa malipo, akaomba ya soda tu. Ikumbukwe kwamba hata siku ya kwanza barua ilikuwa hai chini ya ule weusi. Iliuawa na aliyejaribu kuiokoa, kwa kufuata Kiswahili sahihi.

Neno "zima" na mizigo yake

Tuanze na kitenzi "zima". Katika Kiswahili neno hili lina nasaba ya moto na mwanga: twazima jiko, taa, koroboi. Kilichozimwa hakimo tena. Ukikitaka hauna budi kukiwasha, na moto utakaouwasha ni moto mpya. Maana hii ni nzito na ya wazi, na ndiyo sababu iliyowafanya wafasiri waikimbilie. Kompyuta ikatayo umeme wake imezimwa, hapana ubishi.

Taabu huanza pale neno moja linapobebeshwa hali nne. Mtumiaji wa leo, akitazama skrini nyeusi, yamkini anatazama moja ya mambo yafuatayo:

(a) Skrini imeondolewa mwanga, lakini kompyuta yenyewe i macho. Hesabu zaendelea, muziki waendelea, karatasi zaendelea kutoka katika mashine ya kuchapia.

(b) Kompyuta yote imepumzishwa. Kazi iliyokuwa wazi imebaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo hulishwa umeme kidogo sana ili isisahau. Umeme huo mdogo ukikatika, kazi isiyohifadhiwa imepotea.

(c) Kazi iliyokuwa wazi imenakiliwa kwenye diski, kisha umeme umekatwa kabisa. Ukiiwasha, kazi hurudi ilipokuwa, hata baada ya juma zima.

(d) Kompyuta imezimwa. Programu zote zimefungwa, na kisichohifadhiwa hakipo.

Hali hizi nne hazikubuniwa na wapenda kutatiza watu. Zina historia yake. Mwaka 1992 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lilianzisha mpango wa Energy Star, ukianzia na kompyuta na skrini zake, ili vifaa visivyotumika kwa muda vipunguze ulaji wa umeme. Mwaka 1993 chama cha watengenezaji wa vifaa vya skrini, VESA, kilitoa kanuni ya namna kompyuta itakavyoiamuru skrini ipumzike kwa hatua. Mwishoni mwa 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa kanuni ya pamoja ya kusimamia umeme wa kompyuta, yenye kuzipa hali za mapumziko daraja na namba. Maana yake ni kwamba tangu wakati huo kompyuta ya mezani ni kitu chenye daraja kadhaa za ukimya. Sisi bado tunalo neno la jiko, ambalo ama lawaka ama limezimika.

Lakini je, hata jiko ni hivyo? Mama yeyote wa Dar es Salaam apikaye kwa mkaa ajua kwamba kuna jiko linalowaka, kuna jiko lililozimika, na kuna jiko ambalo makaa yake yamefunikwa majivu usiku ili asubuhi yapulizwe tu. Hakuna amwagiaye maji jiko la namna ya tatu kisha akasema ameliwasha upya. Kiswahili cha jikoni kina hali tatu, na kile cha ofisini kimebaki na mbili.

Kuna kichekesho kingine. Neno "-zima" ni pia kivumishi cha ukamilifu na uhai: mtu mzima, u mzima, kazi nzima. Mtumishi akiandika katika taarifa kwamba "kompyuta nzima imezima", msomaji wa haraka apaswa kusimama. Hatusemi kwamba neno lenye maana mbili halifai. Lugha zote zinayo. Twasema tu kwamba neno ambalo tayari limebeba mzigo lisiongezewe magunia mengine matatu.

Kwamba tofauti hizi si za kitaalamu tupu, bali ni za kidole na kitufe, tazama kompyuta za kampuni ya Apple zenye kibodi iliyo na kitufe cha kutolea diski. Ukishikilia Control na Shift ukabonyeza kitufe hicho, skrini peke yake hupumzika. Ukishikilia Option na Command ukakibonyeza, kompyuta yote hupumzika. Ukishikilia Control na Command, programu zote hufungwa na kompyuta huanza upya. Ukishikilia Control, Option na Command, programu zote hufungwa na kompyuta huzimwa. Kitufe ni kile kile, majirani zake ndio waliobadilika. Mfasiri anayeandika "zima" kwa hali ya kwanza, ya pili na ya nne amempa msomaji milango mitatu yenye kibao kimoja.

Mapendekezo matatu ya vitenzi

Kwa hali ya pili, wengi wamekwisha kusema "lala", nasi twaona wamesema vema. Kinacholala huamka, hakiwashwi. Jozi ya "lala" na "amka" yamwambia mtumiaji mambo mawili muhimu kwa mara moja: kwamba kazi yake ipo, na kwamba hapaswi kushikilia kitufe cha kuwashia bali kuigusa tu. Umbo la kusababisha nalo lipo tayari: tunailaza na kuiamsha. Wapo wanaocheka wakisikia kompyuta "imelazwa", wakauliza imelazwa wodi gani. Kicheko hicho hakidhuru. Mtoto naye hulazwa kila usiku wala hatuiti daktari.

Lakini "lala" lina hatari yake, na wafasiri hawana budi kuisema wazi katika maelekezo. Kompyuta ya mezani isiyo na betri, ikilala na umeme ukakatika mtaani, haiamki na kazi yake. Kwa hiyo kila mahali penye "laza" pawe na "hifadhi kwanza". Hili ni jambo la maisha yetu, si la kanuni za ughaibuni.

Kwa hali ya tatu, lugha za kaskazini hutumia neno la wanyama wajifichao kulala majira yote ya baridi kali. Mfano huo hautusaidii, kwani msomaji wetu hajui theluji. Angalau wa kando ya Ziwa Viktoria anamjua kamongo, samaki ajifukiaye topeni kiangazi akangoja maji yarudi. Lakini mfasiri hawezi kumpeleka kila msomaji ziwani. Twapendekeza maelezo yasiyo na mapambo: "kuzima kwa akiba". Neno "akiba" lajulikana shambani, benki na jikoni, na latangaza ahadi yenyewe: kilichowekwa kitakutwa.

Imebaki hali ya kwanza, ile iliyomponza mama. Hapa ndipo fundi wa Kariakoo alipotutangulia. "Imefumba macho tu." Mtu aliyefumba macho si lazima awe amelala. Husikia, hufikiri, na ukimwita huitika. Twapendekeza basi "kufumba skrini", na kinyume chake "kufumbua skrini". Tazama jinsi sarufi inavyotufanyia kazi: kiambishi cha kutendua kinatoa "fumbua" kutoka "fumba", kama "ziba" na "zibua", "funga" na "fungua". Mtumiaji aliyeambiwa "kitufe hiki hufumba skrini" hana haja ya kuambiwa kinyume chake ni nini. Lugha yake imekwisha kumwambia. Kadhalika hatauliza kama barua yake ipo, kwa maana hakuna kope iliyowahi kufuta kumbukumbu.

Tunapata hivyo jozi tatu zisizogongana: fumba na fumbua, laza na amsha, zima na washa. Kila jozi yaamuru kitendo chake na kitendo cha kukitendua. Hilo ndilo jambo tunaloliona kuwa sharti la kwanza la istilahi ya hali: isitaje hali tu, bali imwonyeshe mtu njia ya kutoka humo.

"Kitufe cha mkato"

Sentensi ya pili ina kosa la namna nyingine. "Njia ya mkato" ni usemi mzuri wa mitaani: mtu aendaye Kariakoo kutoka Mnazi Mmoja hukatiza vichochoro badala ya kufuata barabara kubwa. Umekwisha kuzoeleka kwa ile picha ndogo ya skrini ambayo ukiigusa hukufungulia faili bila safari ndefu. Mfasiri wetu aliupunguza ukawa "kitufe cha mkato". Sasa, mwanafunzi yeyote wa darasa la tatu amefundishwa kwamba mkato ni alama ya uandishi, iwekwayo penye pumzi fupi ya sentensi. Kitufe cha mkato katika kibodi kipo, na kazi yake ni kuandika mkato. Kijana wa mafunzo aliyefika ofisini kwetu alikibonyeza kwa uaminifu mara nne, akapata mikato minne.

Zaidi ya hayo jambo lenyewe si kitufe kimoja. Ni vitufe viwili, vitatu au vinne vinavyobonyezwa kwa mpango. Twapendekeza "vitufe vya pamoja". Si jina la kupendeza sana, lakini halimdanganyi mtu.

Na kuna jambo la alama. Maelekezo mengi yaliyofasiriwa huacha alama ya kujumlisha kati ya majina ya vitufe. Mzoefu aielewa, asiyezoea huitafuta katika kibodi, akaipata, akaibonyeza. Kiswahili hakihitaji alama hiyo, kwa kuwa kina viambishi vya wakati vinavyotofautisha mambo yatendekayo pamoja na yale yafuatanayo. Chukua amri hii ya Windows: kitufe chenye nembo ya Windows hushikiliwa pamoja na P ili kuchagua kama picha itokee katika skrini ya kompyuta, katika projekta, au kote kuwili. Iandikwe: "Ukishikilia kitufe cha Windows, bonyeza P." Kwa upande mwingine, njia ya kulaza kompyuta kwa Windows iliyo katika Kiingereza ni kushikilia kitufe cha Windows na kubonyeza X, kuviachia, kisha U, kisha S. Iandikwe: "Ukishikilia kitufe cha Windows, bonyeza X. Viachie. Kisha bonyeza U, halafu S." Aliyesoma sentensi hizi mbili hatashikilia vitufe vinne kwa vidole vya mikono miwili akilaumu teknolojia.

Tumetaja kitufe cha Windows na P kwa makusudi. Mwalimu aliyemaliza somo la projekta akaenda zake bila kurudisha picha katika skrini ya kompyuta huiona skrini nyeusi, naye husema imezima. Haijazima, haijalala, wala haijafumba: picha imepelekwa kwingine. Kwake yeye istilahi sahihi ni sentensi kamili: "picha imeelekezwa nje". Si kila dhana yahitaji neno moja. Nyingine zahitaji tu ukweli.

"Kioo kikifa"

Sentensi ya tatu ndiyo iliyotufikisha Kariakoo na bei ya kioo mkononi. Mitaani watu husema "kioo" kwa skrini, na hatuna ugomvi nao. Lakini mbele ya meza ya fundi neno hilo ni jina la kifaa kiuzwacho. Asemaye "kioo kimekufa" hakueleza dalili, ametoa oda. Fundi mwaminifu atauliza maswali, na asiye mwaminifu atauza. Katika maelekezo ya maandishi, basi, twaona "kioo" libaki kuwa kifaa kishikikacho na kivunjikacho, na "skrini" liwe uso ambamo picha hutokea. Kioo huvunjika, hupasuka, hubadilishwa. Skrini hufumba, hufifia, huganda.

Vilevile karatasi ya maelekezo ina wajibu wa kumpa mtu maswali kabla ya kumpeleka kwa fundi. Yale aliyoyafanya kijana yule kwa dakika mbili yangeweza kuandikwa ukutani kwa mistari michache: Je, feni yalia? Je, kitaa cha herufi kubwa chawaka ukikibonyeza kitufe chake? Je, ukimulika skrini kwa tochi kwa upande waona kivuli cha maandishi? Ukiona kivuli, picha ipo na mwanga ndio haupo: aidha skrini imefumbwa, au taa yake ya ndani imeharibika. Je, umebonyeza kitufe chenye picha ya skrini au ya jua dogo? Je, kwa Windows, ukishikilia kitufe cha Windows, Ctrl na Shift, umebonyeza B, ambayo huanzisha upya mtambo wa picha bila kufunga kazi yako? Baada ya hayo yote, na si kabla, ndipo "zima" na "washa".

Pingamizi na majibu

Twajua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba mashine haina macho, hivyo haiwezi kufumba. Tungemwuliza kama saa ina mikono, meza ina miguu na chupa ina mdomo. Kiswahili kimevipa vyombo viungo vya mwili tangu zamani, na maji ya chemchemi hutoka jichoni.

Wa pili atasema kwamba "fumba" hukaribiana na "fumbo", na kwamba tunaongeza fumbo juu ya fumbo. Hoja hii ina uzito kidogo, lakini hatari hiyo haitokei ndani ya sentensi. "Fumba skrini" haiwezi kueleweka kuwa ni kutega kitendawili.

Wa tatu, mwenye hoja nzito kuliko wote, atasema: kwa nini tusiseme "zima skrini" kwa hali ya kwanza na "zima kompyuta" kwa hali ya nne, tukatofautisha kwa yambwa? Tungekubali kama maelekezo yangekuwa sentensi kamili daima. Lakini neno la skrini huandikwa ndani ya kisanduku kidogo, na yambwa ndilo la kwanza kudondoka. Hubaki "Zima". Na mtu aliyeingiwa na hofu, kazi yake ikiwa imetoweka machoni, hasomi yambwa. Husoma kitenzi, akatenda.

Wa nne atasema kwamba haya ni madogo mno kwa Baraza lenye kazi kubwa. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, limesanifu maneno ya taaluma nyingi. Kompyuta zilichelewa kufika katika orodha hizo si kwa uvivu wa mtu: mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka kadhaa walioziona walikuwa wachache. Zilipokuja kwa wingi zilikuja na maneno yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ikawa hoja kwamba lugha yetu yaweza kukaa ndani ya kompyuta ikajibiwa kwa vitendo. Mjadala wa majina ya vitu, kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, kama ni kibodi au kicharazio, umeendelea kwa bidii. Ni mjadala wa haki. Lakini hakuna aliyepoteza kurasa 14 kwa sababu kibodi iliitwa kicharazio. Zilipotea kwa sababu ya kitenzi. Nomino hutuonyesha kitu. Kitenzi hutuagiza la kufanya, na agizo baya ndilo lenye gharama.

Hitimisho

Utaratibu wetu uliozoeleka wa kuunda istilahi hututaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kwa lugha nyingine za Kibantu na kwingineko. Aghalabu tunapotafuta ndani ya Kiswahili tunafungua kamusi. Yafaa pia tupande basi kwenda Kariakoo. Mahali pale pana jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Wenyeji walilichukua neno la kigeni wakalipa silabi za kwao, na leo hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa la watu wengine. Watu wa mahali pale wanaendelea kuita vitu kwa jinsi wanavyovitengeneza, kwa kuwa wakikosea jina wanakosea na kifaa, na hasara huwa yao.

Kwa muhtasari twapendekeza haya kwa wafasiri, walimu na watumishi wenzetu:

(a) "Zima" na "washa" yatumike pale tu umeme wa kompyuta unapokatwa na kurudishwa.

(b) "Laza" na "amsha" yatumike kwa kompyuta iliyopumzishwa, na yafuatane na onyo la kuhifadhi kazi.

(c) "Zima kwa akiba" itumike pale kazi inaponakiliwa diskini kabla ya umeme kukatwa.

(d) "Fumba" na "fumbua" yatumike kwa skrini iliyoondolewa mwanga kompyuta ikiwa macho.

(e) "Vitufe vya pamoja" ichukue nafasi ya "kitufe cha mkato", na amri ziandikwe kwa "ukishikilia" na "kisha" badala ya alama ya kujumlisha.

(f) "Kioo" kiwe kifaa, na "skrini" iwe uso wa picha.

Hatudai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Twaomba tu yajaribiwe kwa kipimo ambacho orodha zetu mara nyingi hazikipitii: apewe mtu mwenye haraka na hofu, mbele ya skrini nyeusi, kisha itazamwe mkono wake unakwenda wapi.

Karatasi ya ukutani tumekwisha kuiandika upya. Mstari wake wa kwanza sasa wasema: "Skrini ikiwa nyeusi, usizime. Sikiliza kwanza kama feni yalia." Mama karani ameongeza kwa kalamu yake, chini kabisa: "Hifadhi kila ukurasa." Hilo hatukumfasiria sisi.